Anayeomba Mtungi Mmoja

Eldoret,
Jumapili, 18 Januari 2026

Mpendwa Senge,

Najua salamu ndizo hutangulia, shangazi yangu, lakini nikianza na salamu nitapata nafasi ya kuogopa. Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nikisema nimeshiba, huwa sijashiba. Si siku moja moja, ni kila siku tangu nije kuishi kwa Baba Mdogo nisome hapa mjini. Mama Dennis akishika mwiko na kuniuliza, "Jeruto, nikuongeze?" mdomo wangu unajibu kabla sijafikiria: "Nimeshiba." Kuna siku nilisema hivyo na sahani yangu bado iko tupu, Dennis akasema mimi hushibishwa na harufu. Hakuna anayeninyima, Senge. Chakula kipo. Sijui ni nini. Basi nimeshasema, na tafadhali usimwandikie Baba Mdogo.

Sasa salamu. Huku hatujambo wote. Mama alipiga simu kutoka Burnt Forest akasema yule ng'ombe mwekundu amezaa, ndama ni dume, kwa hivyo hakuna aliyeshangilia sana. Viazi vilifanya vizuri. Mimi niko Form Three sasa. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, maana ulisema Kiingereza changu kinanuka mtihani na Kikalenjin changu ni cha mtu aliyeumwa na nyuki kwenye ulimi. Dennis anauliza kama ni kweli huko monasterini hamna simu. Nilimwambia iko moja na ni ya Mama Mkuu. Akasema, "Basi Senge amwombe hotspot."

Shida yetu ni maji. Unajua Baba Mdogo ndiye msimamizi wa hii ploti. Vyumba ni vinane, tanki ni moja, na maji ya mfereji yanakuja mara mbili kwa wiki yakitaka. Tanki likijaa linatoa mitungi arobaini na minane. Zamani ilikuwa anayeamka mapema ndiye anayeteka, mpaka Mustafa, yule dereva wa Canter wa chumba cha tatu, na Mama Ruwayda, anayepika sambusa za kuuza, walivutana mtungi ukapasuka, na maji yote yakamwagikia Baba Mdogo aliyekuwa anawaamua. Hapo akasema kuanzia leo kila nyumba itaje mitungi inayotaka, na yeye atagawa kulingana na walivyoomba. Ukiomba mara mbili ya jirani, unapata mara mbili ya jirani. Ilionekana ni haki kabisa.

Siku ya kwanza Mustafa aliomba ishirini. Baba Mdogo akamwuliza, "Ishirini ya nini na unaishi peke yako?"

"Mzee, mimi nina kiu ya lori."

Mama Ruwayda aliposikia ishirini akasema thelathini. Wa chumba cha tano akasema thelathini na tano. Siku iliyofuata kila mtu alipandisha, na sasa ukijumlisha wanachoomba unahitaji matanki sita. Senge, hata sisi tulidanganya. Mama Dennis alisema arobaini, na ni bwana yake anayegawa. Sasa Baba Mdogo ananiangalia mimi. "Wewe si ndiye wa hesabu? Tafuta dawa." Na mimi siwezi hata kuongea mbele ya watu wanne. Ndio nakuandikia, kwa sababu ulifundisha hesabu kabla hujawa Sista, na kwa karatasi mimi ni mtu mwingine.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako,
Jeruto

*

Monasterini,
6 Februari 2026

Jeruto mwanangu,

Barua yako ilifika tukivuna karoti, nikaisoma nikiwa na matope mpaka kwenye viwiko, na Sista mwenzangu akaniuliza kwa nini nacheka. Nilimwambia ndugu yangu amemwagiwa maji akiwa hakimu. Sisi hapa ni wazima. Sista mmoja mzee alituacha baada ya Krismasi, alilala tu. Asali ni kidogo mwaka huu, nyuki wamekasirika na jua. Nilifurahi kusikia habari za ndama, hata kama ni dume, na yeye hakujichagulia.

Sasa mambo ya tanki. Kosa la kwanza ambalo nisingependa ufanye ni kuwahubiria watu ukweli. Mimi nilihubiri ukweli darasani miaka mingi na bado walinakili. Majirani zako si watu wabaya. Ndugu yangu Stephen amewapa mchezo ambao msema kweli hushindwa, na wao wameuelewa kuliko yeye. Katika mchezo kama huo, mtu mwaminifu anawaachia wengine maji yake. Usibadilishe watu, badilisha mchezo. Tafuta kanuni ambayo mwongo hatapata faida yoyote kwa kudanganya, halafu nyamaza. Watasema kweli wenyewe kwa sababu uongo ni kazi.

Fikiria hivi. Una vikombe vinane na sufuria moja ya uji. Kila mtu amesema kikombe chake kijazwe mpaka wapi. Usimjaze mmoja ukammaliza. Mimina kwa wote pamoja, kidogo kidogo, kiwango kipande sawa. Yule ambaye uji umefika pale alipotaka, mwache hapo. Wengine waendelee kupanda pamoja mpaka sufuria iishe. Ambao hawajafika walipotaka watakuwa wamesimama kwenye kiwango kimoja, na hakuna kati yao atakayeangalia cha mwenzake akaona kikubwa. Wala hakuna uji utakaobaki ukiganda.

Sitakufanyia yote. Kaa chini utafute mahali ambapo mtu akidanganya katika kanuni hii atapata zaidi. Tafuta kwa bidii, kama vile Mustafa atakavyotafuta. Ukikosa, mpe baba yako mdogo.

Kwaresima inaanza tarehe kumi na nane. Unajua hatuandiki barua wakati huo, isipokuwa siku ya Mtakatifu Yosefu ambayo Mama Mkuu hutufungulia mlango kidogo. Kwa hivyo nikikaa kimya usidhani nimekasirika. Wewe andika.

Nakukumbuka kila asubuhi kengele ya kwanza ikilia,
Senge wako, Sista Jepkosgei

*

Eldoret,
Jumapili, 15 Februari 2026

Mpendwa Senge,

Pokea salamu kutoka kwa wote, na pole kwa Sista aliyelala. Mama alikuja mjini kuuza viazi, akatuletea maziwa ya mursik, Dennis akamaliza nusu kibuyu akalaumu paka ambaye hatuna. Nilikuwa wa tatu kwa hesabu, mwalimu anasema ni uzembe.

Kanuni imefanya kazi. Wacha nikuambie polepole.

Kwanza nilitafuta ule mwanya ulioniambia. Nilijiweka kuwa Mustafa. Kama nataka mitungi mingi kuliko kile kiwango cha mwisho, nikiomba zaidi sipati kitu, nabaki palepale na wengine. Nikiomba kidogo najipunguzia. Halafu nikajiweka kuwa mtu anayetaka michache. Huyo anapata alichosema, hakuna tone linalopungua, na akidanganya kuomba zaidi atapewa maji asiyoyataka. Nilizunguka mlango huo siku mbili nikakosa pa kuingilia. Nilifurahi, Senge, ile furaha ya peke yako, unaficha uso ndani ya kitabu.

Kuongea sikuweza. Baba Mdogo alikusanya watu uani, akasema, "Huyu msichana ataeleza," na mimi nikaangalia chini. Ndipo Mama Ruwayda akaniletea trei yake ya sambusa na maharagwe ya mkebe mmoja, akasema, "Usiongee. Onyesha." Nikapanga vifuniko vinane vya chupa kwa nyumba nane, nikawa naongeza harage moja moja mbele ya kila kifuniko, na yule aliyefika alipoomba nageuza kifuniko chake. Watu walisogea kama wanaangalia karata.

Jamaa wa chumba cha sita, ambaye huwa safarini, aliomba mitano akapata mitano. Shosho Kabura, yule bibi wa chumba cha nane, aliomba mmoja akapata mmoja. Nyumba sita zilizobaki zilipata saba saba. Mustafa alikuwa ameomba arobaini.

"Saba?" akasema. "Na nikiomba mia?"

Nikatingisha kichwa.

"Elfu?"

"Ni saba," nikasema, na hiyo ndiyo hotuba yangu yote.

Akakaa akiangalia yale maharagwe. "Na nikiomba kumi?"

"Ni saba."

"Basi mnanichosha bure kuhesabu," akasema, na Alhamisi akaomba nane bila kelele. Mama Dennis alishuka kutoka arobaini mpaka tisa, na hakuangalia mtu usoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyegombana. Tanki linaisha lote, na hakuna anayetamani fungu la mwenzake. Baba Mdogo anatembea uani kama waziri.

Kuna kitu kingine nataka kuuliza. Huyu Shosho Kabura anaishi peke yake, anafuma sweta za watoto. Huwa hakai uani na wengine. Siku ya maharagwe nilimpelekea mtungi wake, akanisalimia, "Chamgei." Nikashtuka, nikamwuliza yeye Mkikuyu amejulia wapi Kikalenjin. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Burnt Forest. Akashika kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri, akasema, "Hata mimi nilikuwa huko." Nikangoja aendelee. Akasema, "Asante kwa maji," akaingia.

Senge, kule nyumbani karibu na shamba la Babu kuna ule msingi wa nyumba usio na nyumba, tunafunga ndama hapo. Nikiuliza ni ya nani wanasema, "Ya zamani." Mwaka ule wa vita vya baada ya uchaguzi mimi nilikuwa sijazaliwa. Nyinyi wote mlikuwepo na hakuna anayeongea. Ni ya nani?

Wako mwenye furaha ya maharagwe,
Jeruto

*

Eldoret,
Jumapili, 8 Machi 2026

Mpendwa Senge,

Najua ni Kwaresima na hutajibu. Naandika tu. Tuko wazima, isipokuwa hilo nitakalokuambia. Mvua bado. Upepo unatuletea vumbi la mashamba mpaka kwenye chai.

Shosho Kabura ni mgonjwa sana. Jumatano Mama Ruwayda aliona mlango wake haujafunguliwa mpaka saa nne, akagonga, akasukuma. Alikuwa sakafuni. Tumbo limemmaliza. Mustafa alitoa mizigo yote kwenye Canter akampeleka hospitali, na Mama Ruwayda alikaa naye mbele akimshikilia. Daktari alisema ni maji machafu. Shosho alikuwa anateka kwenye kile kijito cha chini ya ploti ambapo watu huosha mikokoteni. Alikuwa anaenda asubuhi sana, kabla hatujaamka, na kibuyu kidogo cha plastiki, kwa sababu mtungi wangu mmoja ulikuwa haumtoshi hata siku mbili. Mama Ruwayda alimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Sikutaka kusumbua."

Nimerudia hesabu yangu. Nimeirudia mpaka karatasi ikatoboka. Haina kosa. Tone halikubaki. Hakuna aliyemwonea mwenzake. Kila aliyepata chini ya saba alipata kile alichoomba kabisa. Kwa hesabu yangu, Senge, Shosho Kabura ndiye aliyeridhika kuliko watu wote wa hii ploti. Alitaka mmoja, akapewa mmoja.

Nilitafuta mwongo anayeomba zaidi. Sikutafuta anayeomba kidogo. Nilijiambia, nani atadanganya ili apate hasara? Nilisema hakuna mtu kama huyo, nikapiga mstari chini, nikaandika jibu. Na nilikuwa nimetoka tu mezani kusema nimeshiba.

Baba Mdogo anasema si makosa yangu, kwamba mtu mzima ana mdomo. Dennis tu ndiye aliyesema kitu cha maana, na alikuwa anafanya mzaha: "Kanuni yenu inahitaji mtu ambaye hana haya." Sikucheka.

Anatoka hospitali wiki ijayo. Atarudi kwenye mtungi mmoja. Nikimwuliza atasema mmoja. Nikimpelekea mitatu kwa siri itakuwa sadaka, na ataikataa, na wengine watauliza mbona yeye. Sijui nifanye nini.

Jeruto

*

Monasterini,
19 Machi 2026, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Jeruto mwanangu,

Leo tumepewa chai ya maziwa na ruhusa ya kalamu. Barua zako mbili nilipewa pamoja, nikasoma ya kwanza nikafurahi kama nusu saa hivi, kisha nikafungua ya pili. Tumemwombea mama huyo hapa kwa jina lake. Mimi ni mzima, kikohozi tu. Ndugu zangu wasalimie, na mama yako mwambie mbegu za sukuma wiki zilifika.

Nisikilize. Kanuni yako haijavunjika. Inamlinda mtu dhidi ya jirani anayeomba kupita kiasi. Haimlindi dhidi ya mdomo wake mwenyewe. Nilikufundisha mimi, na mimi pia sikuliona, na nina miaka zaidi ya arobaini ya kuliona. Kwa hivyo huo mzigo tuubebe wawili.

Barua yako ya Januari ilianza na jambo ambalo sikulijibu. Sikulisahau. Nilidhani ukishaliandika mara moja litapungua uzito, na nikigusa nitakuaibisha. Sasa naona umeliandika tena bila kujua, safari hii ukiliita Shosho Kabura.

Wacha nikueleze tunavyokula hapa. Mezani hatuongei. Sista wa zamu hupakua sahani zote sawa na kuziweka mbele ya kila mtu, kuanzia Mama Mkuu mpaka msichana aliyeingia jana. Hakuna anayeulizwa. Ukiona imezidi, unasukuma kilichozidi katikati ya meza, na mwenye njaa anavuta. Nilipofika niliona ni ukali wa jeshi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kimya kile kilikuwa kinanifichia aibu. Sikuhitaji kusema nina njaa. Nilihitaji tu kutosukuma.

Sikwambii la kufanya. Angalia tu swali lenu la uani. Mnauliza, "Unataka mingapi?" Ni swali jepesi kwa mtu ambaye jibu lake halijawahi kumletea shida.

Umeuliza kuhusu ule msingi. Ilikuwa nyumba ya watu. Nilikuwa nafundisha pale wakati huo, na watoto wawili wa nyumba ile walikuwa darasani mwangu, mmoja alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wako. Majina yao nayajua na nitakutajia tukiwa tumekaa mimi na wewe uso kwa uso. Kwa karatasi sitayaandika. Usimwulize Babu. Huyo mama Kabura simjui. Lakini mtu aliyewahi kuondoka kwake na kile tu ambacho mkono mmoja ungeweza kubeba, anaweza kuendelea kupima haja zake zote kwa mkono huo huo, hata miaka ikipita, hata majirani wakiwa wema. Hasa akiambiwa ataje mbele ya watu.

Kengele inalia. Kalamu inarudi kabatini mpaka Pasaka.

Anayekuwaza,
Senge

*

Eldoret,
Jumamosi, 4 Aprili 2026

Mpendwa Senge,

Tumefunga shule juzi. Kesho ni Pasaka na uani kunanuka sabuni, kila mtu anafua. Mama atakuja Jumatatu. Baba Mdogo amepona mgongo, sikukuambia alikuwa anaumwa, hakutaka tuseme. Nakuandikia nikiwa chumbani, mlango nimerudisha tu, mchana huu wengine wako nje.

Nilisoma barua yako mara nyingi, ile sehemu ya sahani. Halafu nikachukua tena maharagwe. Mitungi arobaini na minane kwa nyumba nane ni sita sita. Nikasema, tusimwulize mtu. Tuweke mitungi sita mbele ya kila mlango. Anayeona imezidi arudishe kwenye tanki, na inayorudi tuwagawie sawa wanaotaka kuongezewa. Nikajaribu na zile nambari za zamani: jamaa wa safari anarudisha mmoja, Shosho anarudisha mitano, ni sita, ukigawa kwa nyumba sita kila moja inafika saba. Senge, ni hesabu ileile kabisa. Kiwango kilekile, vikombe vilevile. Nilikaa nikiiangalia. Kwa kitabu hakuna kilichobadilika hata kidogo, lakini kule mwanzo Shosho alihitaji ujasiri ili apate, na sasa anahitaji ujasiri ili arudishe. Na kama wewe unavyosema, kutosukuma ni rahisi kuliko kuomba.

Nilimweleza Baba Mdogo, nikafunga macho nikaongea mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hivyo tofauti ni wapi?" Nikasema, "Kwa mlango." Akasema sawa.

Siku ya kwanza Dennis na mimi tulipanga mitungi. Shosho alikuwa ametoka hospitali, amekonda, anavuta slipa akitembea. Akatoka akaona mitungi sita mlangoni.

"Hii si yangu," akasema. "Mmekosea chumba."

"Ni yako, Shosho," nikasema. "Kila mlango ni sita."

"Mimi ni mtu mmoja. Sikuomba."

"Hakuna aliyeomba."

Akaangalia milango mingine, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto wake. Kweli kila mahali ilikuwa sita. Mustafa alikuwa amekalia mmoja wa kwake akipiga mswaki. Akamwambia, "Shosho, chukua. Tulikuwa tunaoshea Canter maji yako na hakuna aliyetuambia." Alisema kwa mdomo uliojaa povu, kwa hivyo hatukujua tucheke au vipi. Mama Ruwayda akamwambia, "Mtu mzima unamwambia hivyo na povu?" Shosho akatabasamu kidogo, upande mmoja.

"Na kama imezidi?" akaniuliza.

"Ikizidi rudisha tu. Hakuna anayeandika."

Siku hiyo alirudisha mitatu. Mara iliyofuata akarudisha miwili, na aliileta mwenyewe nusu nusu, hakutaka tubebe. Alhamisi hii hakurudisha hata mmoja. Nilipita mlangoni kwake jioni nikaona ameanika blanketi mbili, na kwenye kopo la rangi amepanda dania. Sisi tulipata sita na kidogo badala ya saba, na Mama Dennis alilalamika kidogo kuhusu nguo za Dennis, halafu akaacha.

Kuna jambo la nyumbani pia. Jana mezani Mama Dennis alishika mwiko, mimi nikafungua mdomo, yeye akasema, "Sikuulizi leo. Hiyo ndiyo yako. Ikizidi rudisha, hakuna anayeandika." Kumbe siku ile ya mitungi alikuwa dirishani. Ulimwandikia, au hukumwandikia? Usiniambie. Nilikula yote. Dennis alinitazama mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Kumbe huyu hula," na Baba Mdogo akamwambia afunge mdomo apitishe mboga. Nililala usingizi ambao sikuwa naujua.

Lakini bado kuna kitu kinanisumbua. Kanuni hii inamsaidia mtu kufika sita bila kusema. Na akitaka zaidi ya sita? Hapo lazima atoke aombe kama wengine. Haja ya Shosho ikizidi sita, sijui kama hatarudi tena kule kijitoni. Hilo maharagwe hayawezi kuniambia. Nimeacha nafasi hapa kwenye karatasi ili nifikirie, maana

Ngoja. Dennis anaongea na mtu pale nje.

"Shosho, leo na mtungi mtupu? Unahama?"

"Sihami, wewe. Binti yangu anakuja Pasaka na watoto. Jeruto yuko?"

"Yuko ndani anasoma. Unataka nini nimwambie?"

Nasikia tu slipa, na ule mtungi mtupu ukigonga ukuta kila hatua. Amesimama kidogo. Nilidhani amerudi.

"Mwambie nataka miwili zaidi," amesema. "Hapana, acha, nitamwambia mwenyewe. Mitatu."

Senge, amesema mitatu, na amesema kwa sauti mpaka Mustafa ameitika kule ng'ambo. Anakuja. Jina lake liko kila mahali kwenye karatasi hii, naisukuma chini ya godoro na wino haujaka